Kupanda Ngozi Bila Kamati

Ukipigwa na kiharusi, watu watakuja. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka ulijue, wewe unayesoma haya ukiwa umelala, au unayemsomea mgonjwa wako. Watakuja na ndizi, watakuja na juisi za boksi, watakaa kwenye kochi lako wakitazama mdomo wako ulivyopinda, halafu watakuzungumzia kana kwamba umeshaondoka na kuacha mwili nyumbani. Wengi wao hawana ubaya. Lakini mtu asiye na ubaya na asiye na akili anaweza kukuchosha kuliko adui.

Naitwa Agripina, wengi huniita Mama Festo. Ni Mhehe wa Iringa, nimeolewa Uyole, Mbeya, na kabla ya haya yote nilikuwa nauza mchele wa Rujewa sokoni. Nilikuwa mtu wa sauti kubwa. Wateja walisema ukitaka kunipata usiulize njia, simama tu usikilize.

Ilinikuta wakati wa mvua, asubuhi, soko lote likiwa tope. Nilikuwa nampimia mchele mama mmoja, na kopo likaanguka. Yule mama akasema, "Mama Festo, unamwaga." Nikatazama mkono wangu wa kulia, ukawa unaning'inia kama wa mtu mwingine. Nikataka kumwambia aniokotee kopo. Maneno niliyatengeneza kichwani vizuri kabisa. Kilichotoka mdomoni ni "mchele." Nikajaribu tena. "Mchele." Nikafikiri ninachanganyikiwa, nikataka kusema Yesu wangu. "Mchele, mchele."

Walinibeba, tena kwa upesi, ila walinipeleka nyumbani badala ya hospitali, kwa sababu pale nyumbani yupo wifi yangu Tusajigwe, dada mkubwa wa mume wangu, na mtaani kwetu hakuna jambo lisilopitia kwake. Wifi alitazama mdomo wangu na kutoa hukumu papo hapo: nimetupiwa kitu. Nikapakwa mafuta, nikanyunyiziwa maji, wakaitwa akina mama watatu wenye sauti za kukemea. Walikemea mpaka mvua ikakatika. Mimi nimelala pale chini udenda unanitoka, nasikia kila kitu, na kila nikijaribu kusema "hospitali" nasema "mchele," nao wanazidi kukemea wakidhani ni jini la njaa.

Mume wangu, Ambakisye, alirudi na pikapu yake kutoka Mbalizi jua likiwa limeshavuka utosi. Ndiye aliyenipakia na kunipeleka mjini. Daktari akauliza, "Imeanza saa ngapi?" Wifi akadakia, "Sasa hivi tu, daktari." Sasa hivi! Ningekuwa na ulimi siku ile ningemtukana mbele ya manesi.

Kwa hiyo sikiliza. Mdomo ukienda upande, mkono ukianguka, maneno yakigoma, usiwape nafasi wenye mafuta. Nenda hospitali kwanza. Ombeni ndani ya gari.

Sitaeleza mambo ya mishipa na ubongo, wanaoyajua wapo. Nitasema niliyoyaona. Nililala wodini mpaka mahindi ya jirani yetu, ambayo niliyaacha magotini, yakawa yamenipita kimo. Nilivalishwa pampasi na msichana ambaye ningeweza kumzaa. Mkono wa kulia ulijikunja kama mguu wa kuku aliyechinjwa. Mguu wa upande huo haukuuma, haukuwasha, haukuhisi baridi wala moto; ulikuwa gogo nililoshonewa kiunoni. Watu wanadhani maumivu ndiyo mabaya. Jaribu kukaa na mguu usiokuambia kitu.

Niliporudi nyumbani nikawekewa godoro sebuleni, karibu na televisheni, ili nisipweke. Hapo ndipo nilipowajua watu. Mtu akiona husemi anaamini husikii. Jirani mmoja alisimama juu yangu akauliza kama mchele wangu uliobaki sokoni utauzwa kwa bei ya hasara. Mwalimu wa kwaya alimwuliza mume wangu kama sare yangu inaweza kumfaa mwimbaji mwingine. Na siku moja mchana wifi Tusajigwe alikaa kwenye kochi, miguu yake karibu na kichwa changu, akamwambia mdogo wake:

"Ambakisye, huyu apelekwe kwao Iringa. Kule ana ndugu zake wa damu. Wewe bado una nguvu. Utakaa na mzigo huu mpaka lini?"

Mume wangu akatazama viatu vyake. Nilimtazama kutoka pale chini, nikasubiri. Alitazama viatu vile kana kwamba vitamjibia. Basi nikakusanya hasira yangu yote, ya Uhehe na ya kwangu binafsi, nikafungua mdomo:

"Mchele!"

"Unaona?" wifi akasema. "Anataka kula."

Nilimdharau mume wangu siku ile, na siku nyingi baada ya hapo. Nasema wazi kwa sababu wengine mnaugua mkijilazimisha kumshukuru kila anayewapitia mbele. Lakini pia niseme hili. Mtu huyohuyo aliyeshindwa kumjibu dada yake ndiye aliyekuwa ananiogesha. Alijifunza kunifunga kitenge. Alijifunza kunifunga sidiria, akihangaika na vile vikulabu huku ulimi umemtoka pembeni kama fundi anayechomelea, na alipofaulu mara ya kwanza alipiga hatua nyuma kujitazamia kazi yake. Sikumcheka, maana mdomo haukuweza. Moyoni nilicheka.

Mvua zilipoanza kuchoka nikaanza mazoezi ya viungo mjini. Pale pa kusubiria ni kwenye korido ndefu yenye benchi. Aliyelitengeneza benchi lile hajawahi kuugua hata mafua. Ni fupi, limekaa karibu na sakafu, halina pa kushika, na wanaolitumia wote ni watu waliopooza. Unakaa kwa kuanguka. Ukiitwa jina, unatapatapa kama mende aliyelala chali, wakati mtu mwenye koti jeupe anasimama mlangoni akisema, "Haya, mama, jitahidi." Juu ukutani kuna televisheni inayoonesha mapishi.

Hapo ndipo nilipokutana na Mama Salim. Ni Mhindi wa Mbeya, Mwislamu, aliyezaliwa mjini hapo na kuzeekea humohumo kwenye duka la familia. Yeye alipigwa upande wa kushoto, na ulimi wake haukuguswa hata kidogo, ningesema ulizidishiwa. Alianguka kwenye benchi pembeni yangu, akavuta mtandio wake, akanitazama mkono, akatazama wake.

"Wewe wa kulia, mimi wa kushoto," akasema. "Wakitukata katikati na kutuunga, wanapata mtu mmoja mzima na mmoja wa kutupa. Unaitwa nani?"

Wifi, aliyenisindikiza siku hiyo, akamjibu, "Huyu haongei."

"Sijakuuliza wewe," Mama Salim akasema, akaendelea kunitazama.

Nikajaribu. "Mchele."

Hakucheka, wala hakunisikitikia kwa ile sauti ya "maskini" ninayoichukia kuliko sindano. Alitikisa kichwa tu kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa kwa muda. "Haya. Jina tutalipata. Mimi nasubiri, nimezoea kusubiri wateja."

Toka hapo nikawa naenda mazoezi kwa ajili yake zaidi ya mguu. Alikuwa ananisimulia dharau zake zote: kwa wanawe waliomficha funguo za duka, kwa mkwewe anayemkatia chapati vipande vidogo kama vya mtoto, kwa ndugu wa mbali wanaopiga simu na kuuliza kwa sauti ya juu, "UNANIJUA MIMI NI NANI?" Alisema huwa anawajibu, "Nakujua, ndiyo maana sikupigii."

Maneno yangu yalianza kurudi baridi ilipoingia, ile baridi ya Juni inayoingia hadi kwenye vijiko. Na yalivyorudi, matusi yalitangulia. Daktari alisema ni kawaida. Asubuhi moja Ambakisye aliniletea chai aliyotia chumvi akidhani sukari. Nilionja nikamwambia, "Mjinga."

Kikombe kilimtoka mkononi. "Umesemaje?"

"Mjinga," nikasema, kwa ufasaha kabisa.

Yule mwanamume alikaa sakafuni, kwenye chai ile iliyomwagika, akalia kwa sauti. Kisha akatoka nje kuwaita majirani waje wasikie nikimtukana. Walikuja wengi. Niliwapa wote.

Sasa nifike kwenye mlima. Mtaalamu wetu wa mazoezi, dada mmoja mwembamba mwenye mikono ya chuma, alikuwa na kawaida ya kumwuliza kila mgonjwa anataka kufika wapi akipata nguvu. Watu walijibu vizuri: kanisani, shambani, chooni bila kushikwa. Zamu ya Mama Salim ilipofika akasema:

"Ngozi."

Mwanawe Salim, aliyesimama nyuma yake, akacheka. Mama yake hakugeuka hata kumtazama.

"Nimewauzia mabuti watu wote waliokwenda kupanda Mlima Ngozi," akasema. "Mabuti, makoti ya mvua, tochi. Wanarudi dukani, huyu anasema ziwa la kijani, huyu anasema la bluu, huyu anasema amemwona nyoka. Mimi nimeona kaunta. Kwanza duka, halafu watoto, halafu mume kuugua. Sasa nimeugua mimi, na sina kazi nyingine."

Nikanyoosha mkono wangu mzima. "Na mimi," nikasema. Hayo ndiyo maneno mawili niliyokuwa nayo siku ile, na yalitosha. Nimepita Isongole mara nyingi nikienda Tukuyu kufuata ndizi, nikaona ile kona ya kuingia msituni, na sikuwahi kukata kona. Nani ana muda wa kwenda kutazama maji?

Yule dada alishaipanda njia ile. Alitueleza kuwa si mlima wa kutisha. Unatembea ndani ya msitu, kivulini, njia inapanda polepole kwanza, mizizi mingi, halafu karibu na mwisho inasimama kama ngazi hadi ukingoni, na ziwa liko chini kabisa kwenye shimo. "Kwa mtu mzima ni matembezi ya asubuhi," akasema. "Kwenu ninyi…"

"Malizia," Mama Salim akamwambia.

"Kwenu ni ya siku nzima."

"Siku tunazo."

Tukaanza kupanga. Na hapa nitasema mambo madogo, kwa sababu ndiyo yaliyotusaidia na hakuna aliyetuambia. Viatu: mabuti yanateleza na ni mazito, raba zenye meno ni bora. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unaburuza vidole, kwa hiyo yule dada alinifunga mpira wa kuvuta kutoka kwenye kamba za kiatu mpaka chini ya goti, vidole vikainuka. Fimbo tulichonga za mti, zenye ncha ya kuchoma udongo, na mkono unaoishika ni ule mzima, si ule unaoutaka uwe mzima. Nguo: sketi pana. Suruali ni nzuri mpaka utakaposhikwa na haja ndogo porini ukiwa na mkono mmoja. Dawa za presha utameza asubuhi na chakula kama kawaida, mlima si sikukuu ya kuacha dawa. Na tukawekeana sharti, Mama Salim na mimi: atakayechoka atakaa, mwenzake ataendelea, na hakuna kubembelezana.

Tulifanya mazoezi Julai na Agosti, upepo ukitupiga vumbi usoni. Mimi nilipanda na kushuka ule mteremko wa kwetu Uyole mpaka mbwa wa mtaani wakaacha kunibwekea. Yeye alipanda barabara ya nyuma ya nyumba yao inayoelekea mlima Loleza, mkwewe akimfuata na kiti cha plastiki. Jioni tunapigiana simu kutukana miguu yetu.

Halafu wifi akasikia.

Ninyi mnaoishi nchi hii mnajua kinachofuata. Ikaundwa kamati. Safari ya wanawake wawili ikageuka "Matembezi ya Shukrani." Kukawa na mwenyekiti, mweka hazina na msema chochote. Likafunguliwa kundi la simu lenye picha yangu ya zamani, mdomo umenyooka, na watu ambao hawakunitembelea hata mara moja wakawa wanatuma viganja vya maombi kuanzia alfajiri. Kukawa na mpango wa fulana zenye sura yangu kifuani. Kukawa na mjadala kama kinanda kinaweza kufika msituni na jenereta litabebwa na nani.

Kikao kikubwa kilifanyika sebuleni kwangu, Septemba, siku ya Jumapili. Nilikaa pembeni kama mtoto wa ubatizo. Walipofika kwenye chakula walibishana pilau au ndizi. Walipofika kwangu, mwenyekiti akauliza, "Na mgonjwa mwenyewe akishindwa njiani?"

Wifi akawa na jibu. "Vijana wanne na kiti. Wambebe mpaka juu, apigwe picha, washuke naye. Yeye hawezi kujua tofauti."

Nikachukua fimbo yangu. Kusimama kwangu kulichukua muda, na hilo lilisaidia, kwa sababu mpaka nilipokuwa wima kila mtu alikuwa amenyamaza.

"Wifi," nikasema. Maneno yalikuwa yanakuja taratibu, kila moja likitafuta mlango. "Mimi… nilikuwa nasikia."

"Unasikia nini, mama?" akauliza kwa sauti ile ya kumsemesha mtoto.

"Hapa. Chini. Kwenye godoro. Ulisema nipelekwe Iringa. Ulisema… mzigo." Nikamtazama mwalimu wa kwaya. "Na wewe. Sare yangu." Nikamtafuta na yule jirani wa bei ya hasara, alikuwa anatazama dari. "Nilisikia yote. Ulimi ndio uliokufa. Masikio hayakufa."

Wifi alivuta kitenge chake mabegani. "Sisi tulikuwa tunakuombea," akasema mwishowe.

"Nilisikia na hayo."

Ndipo mume wangu aliposimama. Nilidhani anakwenda kutazama viatu vya mtu mwingine. Akasema, "Dada, kikao kimekwisha." Wifi akamgeukia kana kwamba kiti ndicho kilichoongea. Ambakisye akaenda kufungua mlango, akasimama ameushikilia mpaka wa mwisho akatoka. Halafu akakusanya vikombe, akaviosha. Alichelewa sana. Lakini alisimama, na mimi najua kusimama kulivyo kazi.

Ilibaki presha. Ya Mama Salim ilipanda siku chache kabla ya safari, yule dada wa mazoezi akakataa katakata, nasi tukaahirisha. Mama Salim alinuna wiki nzima. Presha ilipotulia tukachagua siku ya katikati ya wiki, Oktoba, kabla mvua hazijaanza, siku ambayo watu wenye fulana wako kazini.

Ambakisye alitupeleka na pikapu. Tulianza mjini kumchukua mwenzangu. Salim alikuwa amesimama getini ameshika malango yote mawili.

"Mama, ukifia huko?"

"Utafunga duka siku moja," mama yake akamjibu, akaingia garini kwa kutanguliza makalio, kama tulivyofundishwa.

Kutoka Isongole tukaingia barabara ya vumbi, mashamba ya viazi huku na huku, mpaka pale njia ya miguu inapoanza. Mwongozaji wetu alikuwa baba wa makamo anayeitwa Sikitu. Alitutazama, akazitazama fimbo zetu, akatazama mawingu. Mume wangu alibaki kwenye gari, kwa amri yangu.

Msitu ule ni wa baridi na una harufu ya majani yaliyolowa. Tulikwenda kama vinyonga. Fimbo, mguu mzima, mguu mbovu. Fimbo, mguu mzima, mguu mbovu. Kwenye mizizi nilikuwa natazama chini kwanza, naamua mguu wa kulia uende wapi, nauamrisha, nasubiri utii. Mama Salim alikuwa mbele yangu akiutukana wa kwake kwa Kikutchi cha nyumbani kwao, Kiswahili na Kisafwa cha dukani. Tulipumzika kila tulipoona gogo. Tulikula kachori zake na mayai yangu ya kuchemsha, tukanywa chai ya tangawizi, na Sikitu alikula zaidi yetu wote.

Kundi la vijana likatupita, wamevaa miwani ya jua ndani ya kivuli, spika ikipiga muziki mgongoni mwa mmoja wao. Msichana mmoja akasimama, akaelekeza simu yake kwetu.

"Mama zangu, ninyi ni mashujaa! Semeni neno kwa wafuasi wangu!"

"Zima simu," Mama Salim akamwambia. "Hilo ndilo neno."

Njia ilipoanza kusimama, pale ambapo mizizi inakuwa ngazi, Mama Salim alikaa juu ya gogo. Uso wake ulikuwa wa majivu. Nikamwambia nitakaa naye.

"Sharti letu lilikuwa lipi?"

"Lakini…"

"Agripina." Hakuwahi kuniita jina hilo kabla, kila mara ni Mama Festo. "Usinifanyie kama wanavyotufanyia. Nenda."

Nilimwachia chupa ya chai, nikaenda. Kuanzia hapo sikutembea, nilitambaa. Mkono wa kushoto ukishika mzizi, goti, mkono, goti. Sikitu alikuwa nyuma yangu, amenyoosha mikono bila kunigusa. Udongo uliniingia kwenye kucha. Nililia kidogo, kwa hasira. Nilimchukia kila mtu aliyewahi kunifunga leso shingoni.

Kisha hapakuwa tena na pa kupanda.

Sikuona ziwa. Ukingoni pale kulikuwa na ukungu mweupe mzito, umejaa shimo lote mpaka juu, kama mtu amemwaga uji. Wale vijana walishaondoka, wamekata tamaa. Sikitu akaanza kuniomba radhi kana kwamba ukungu ni wa kwake.

"Nigeuzie mgongo," nikamwambia.

"Mama, siruhusiwi kukuacha."

"Sikusema uniache. Geuka."

Akageuka. Nikakaa kwenye majani, fimbo mapajani. Tangu lile kopo lilipoanguka nilikuwa sijapata hata dakika moja bila mtu wa kunitazama: kunitazama kama nimemeza, kama nimejikojolea, kama nimeanza kufa. Pale hapakuwa na cha mimi kutazama, wala jicho la kunitazama. Nilikaa mpaka sketi ikalowa umande. Nilikuwa na raha ambayo siwezi kuieleza vizuri, na safari hii si kwa sababu ya ulimi.

Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda, mjue hilo. Mguu usiohisi haujui kujizuia. Nilishuka ile ngazi ya mizizi kwa makalio, kama mtoto, na sketi yangu haikufaa tena hata kupigia deki.

Mama Salim alikuwa palepale, rangi imemrudia, mtandio umeanguka mabegani, chai ameimaliza.

"Lina rangi gani?"

"Sijaliona. Ukungu mtupu."

Alinikazia macho, kisha akacheka, upande mmoja wa uso ukicheka na mwingine ukifuata kwa kuchelewa. "Miaka yote nawauzia mabuti!" Akajifuta machozi. "Na mimi nilikaa hapa peke yangu, hakuna aliyenikatia chapati. Nilimwona nyani mweusi. Alinitazama, akaona sina maana, akaenda zake. Basi mimi nimefika."

Ambakisye alikuwa amesimama nje ya gari tulipotokea, amevua kofia. Alitutazama matope kutoka vichwani mpaka viatuni. Hakuuliza kama tumefika, na mimi sikumwambia. Alifungua mlango tu, akatuinua mmoja mmoja.

Mwenyekiti wa kamati amewahi kunishauri nitoe ushuhuda kanisani kuhusu siku ile. Nilimwambia ushuhuda wangu ni mfupi: mwenye presha apime presha, na wenye kamati wakae makwao. Hajarudia. Wifi bado anakuja nyumbani. Siku hizi anabisha hodi, na akitaka kujua habari zangu ananiuliza mimi. Sijamsamehe kwa namna wanayoihubiri, ila ninampa chai.

Asubuhi ya kesho yake baada ya mlima sikuweza kuamka. Nililala nikitazama dari, mwili wote unawaka, na nikabaki hivyo muda mrefu nikisikiliza. Mume wangu akaingia na kikombe, akaniona, akashtuka.

"Unaumwa?"

"Ndiyo."

"Wapi?"

"Miguu," nikasema.

Akaweka kikombe chini haraka, akakaa kitandani, akaushika ule wa kushoto, ndio uliokuwa unabeba kazi yote.

"Na huo mwingine," nikamwambia. "Ushike taratibu. Unauma."

Akauachia wa kushoto. Akaweka viganja vyote viwili kwenye paja langu la kulia, akanibonyeza kidogo, nami nikapiga kelele. Akabonyeza tena, chini zaidi, kwenye goti, kwenye shavu la mguu, akinitazama usoni kila mara, na kila mahali alipogusa nilimtukana.